Nimelipia jimu miezi mitatu nikaenda mara tisa, kocha mi ni mvivu?

Dada mmoja wa Kimara kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Kocha shikamoo. Nina miaka 34, mhasibu, ofisi iko Posta. Mwezi wa sita nililipia jimu moja ya Mikocheni laki tatu kwa miezi mitatu, nilimfuata rafiki yangu wa ofisini anayekaa Kawe. Wiki mbili za kwanza nilienda mara sita, ya tatu mara mbili, ukatokea msiba Morogoro nikakaa siku nane, niliporudi nikaenda mara moja tu na tangu hapo sijakanyaga na kifurushi kimeisha. Nina kilo 86, nilitaka nifike 71 kabla ya harusi ya mdogo wangu mwezi wa 12. Nyumbani wananicheka wanasema mi mvivu. Kweli kocha? Na nikianza tena nifanyeje nisiishie njiani?"

Marahaba dada yangu. Nianze na hilo la uvivu tulimalize, maana naona limekuuma kuliko hata hizo kilo. Mvivu gani anaamka saa kumi na moja alfajiri kugombania mwendokasi Kimara, anasimama na pochi kifuani mpaka Posta, kutwa nzima anahangaika na mahesabu ya watu alafu jioni anaingia jikoni? Hao wanaokucheka waambie kocha kasema waache. Ulichokosea ni mpango, na mpango unatengenezeka.

Hebu tuifuate njia yako ya jioni. Kazini unatoka saa kumi na moja, tuseme bosi hajakushika. Posta mpaka Mikocheni kwa muda huo, na foleni ya Ali Hassan Mwinyi tunavyoijua, ukifika saa kumi na mbili na nusu umshukuru Mungu. Ubadili nguo, upashe, upige tizi lako, uoge, saa mbili hiyo. Alafu nyumbani ni Kimara, kwa hiyo utafute gari la Mwenge, Mwenge mpaka Ubungo, Ubungo upande tena, unaingia ndani saa tatu na nusu na njaa ya kumeza kuku mzima, na saa kumi na moja alamu inalia tena. Hizo mara sita ulizoweza wiki mbili za kwanza mi mwenyewe nisingeziweza, na hii ndo kazi inayonilisha.

Tatizo ulichagua jimu ya rafiki yako. Yeye wa Kawe ile jimu ipo njiani, akitoka hapo dakika kumi na tano yuko kwake anakula. We unaenda kaskazini alafu unakata magharibi, pembetatu kabisa. Nguvu yako yote iliishia kwenye daladala kabla hujagusa chuma. Kwa mtu wa Posta anayelala Kimara njia ishachorwa, ni Barabara ya Morogoro: Fire, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara. Tafuta jimu ambayo ukishuka kituoni unatembea dakika tano uko mlangoni, hata kama mashine zimechakaa, hata kama kiyoyozi hamna feni tu inalia kwii kwii, hata kama kioo kimepasuka. Ikiwa Kimara kwenyewe ni sawa ila kwa sharti moja, usipite nyumbani kwanza. Mtu akishavua viatu akakaa kwenye kochi akasema napumzika dakika mbili, huyo mi simuandiki kwenye daftari. Begi liende na we ofisini asubuhi, raba ndani, taulo ndani, ubanane nalo kwenye mwendokasi, ndo gharama yake hiyo.

Najua utasema kocha mi nililipa miezi mitatu makusudi ili hela inisukume. Wengi wanafikiri hivyo. Kuna wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, mwaka 2006 walitoa utafiti wao wa jimu za Marekani, wakakuta waliolipia kwa mwezi, zaidi ya dola 70, wanaenda wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, kila mara moja inawagharimu zaidi ya dola 17, wakati hapohapo mlangoni kulikuwa na tiketi ya kuingia mara kumi, ambayo kila mara moja inatoka dola 10. Na hao Wamarekani wana magari yao, hawajui hata foleni ya Mwenge ikoje. Yako tukiipigia hesabu, na we ndo mhasibu, laki tatu gawa kwa tisa ni shilingi 33,333 kila ulipoingia mlangoni. Pale ninapofundisha Sinza kwa siku ni elfu tano, na jimu nyingi za mitaani zinapokea ya siku. Kwa hiyo mwezi wa kwanza lipa kwa siku, usikubali ofa ya mtu, hata akikwambia inaisha leo, hiyo ofa inaisha kila siku. Ukishafikisha mara nane umelipa elfu arobaini na una ushahidi wa maandishi kwamba unaenda, hapo sasa kalipie mwezi.

Sasa nije kwenye huo msiba, pole sana, maana kwa macho yangu hapo ndo mambo yalipoharibikia.

Kwenye mlango wetu kuna kaunta buku, kila anayeingia anaandika jina na saa. Nimeyashika hayo madaftari miaka 14 sasa. Ukilipekua unaona watu wanavyopotea, na hawapotei kidogo kidogo kama unavyodhani. Mtu anakuja Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, Jumatatu, Jumatano, jina linakatika kama uzi. Ukimuuliza baadaye anakwambia mtoto aliumwa, au Ramadhani iliingia, au mvua ilijaza Jangwani gari zikawa hazipiti, au alibadilishiwa zamu. Yote kweli, simbishii. Ila mtoto alipona baada ya siku nne na mwenyewe hajaonekana miezi minne. Mtoto anaeleza siku nne tu, hiyo miezi mingine ni aibu. Anaona atachekwa, anaona amerudi nyuma, anaona kocha atamsema, kila wiki inayopita aibu inaongezeka uzito na mlango unazidi kuwa mbali.

Kuna kaka mmoja fundi friji, mtu wa mwili, alipotea miezi mitano baada ya kuumia kidole. Jioni moja nikamuona ng'ambo ya barabara kwa muuza mahindi ya kuchoma, kavaa raba, kibegi mgongoni, anakula hindi. Akamaliza, akanunua la pili. Anaangalia mlango wetu, anaangalia simu, anaiweka sikioni na naona kabisa hakuna anayeongea naye. Nikavuka nikamwambia oya, taulo unalo? Akasema ninalo. Basi twende benchi liko wazi. Sikumuuliza alikuwa wapi. Zamani ningemuuliza, tena kwa sauti jimu nzima wasikie, "wee leo umetukumbuka!", watu wacheke, mi nilidhani ni utani wa kuchangamsha, mpaka siku mama mmoja aligeuza palepale bila hata kubadili nguo na sijamuona tena. Kosa langu lile. Hivyo ukienda jimu ukakuta kocha anayesalimia watu kwa masimango hama tu, siku za hela yako kwake zinahesabika.

Na sio mimi peke yangu niliyeona hili la kurudi. Mwaka 2021 mtafiti Katy Milkman na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio kubwa la watu 61,293, wote wanachama wa jimu za 24 Hour Fitness huko Marekani, walijaribu mbinu 54 za wiki nne nne kuona ipi inawapeleka watu jimu. Iliyoongoza zote ilikuwa ya kumuongezea mtu kizawadi kidogo mno, cha senti, akirudi baada ya kukosa siku aliyopanga. Mahudhurio yalipanda kama asilimia 27. Nisikudanganye pia, wiki nne zilipoisha nyingi ya zile mbinu nguvu yake iliisha nazo, kwa hiyo hakuna uchawi hapo, ila angalia waliposhika: hawakuishia kumzawadia anayekuja, walimuongezea anayerudi.

Kwa hiyo we jipangie kabisa siku ya kurudi inakuwaje, ijulikane mapema kabla hujakosa. Siku ya kurudi ni dakika 20, uzito nusu ya ulioacha, mazoezi matatu, unaenda nyumbani kabla hujachoka. Na hapa nabahatisha ila naweza kuweka dau, ile siku moja uliyoenda baada ya Morogoro ulitaka kufidia siku nane zote jioni moja, si ndio? Ukapiga kila mashine, kesho yake ukawa sawa kidogo, keshokutwa ngazi za ofisini unashuka kinyumenyume umeshika ukuta. Yale maumivu yanakuja kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, hasa misuli ikikutana na kitu ilichokiacha au isichokijua, sio dalili kwamba umefanya vizuri wala kwamba umeumia, ni misuli imeshtuka. Lakini mtu ambaye hawezi kukaa chooni bila kushika kitasa huyo jumatano haji. Na hukuwa na haja ya kufidia, siku nane haziondoi nguvu, hata wiki mbili tatu nguvu inabaki karibu yote, unachopoteza mapema ni pumzi kidogo.

Alafu kuna hii stori ya siku 21, watu wanaipenda sana, kwamba ukifanya kitu siku 21 mfululizo kinakuwa tabia na ukikosa moja unaanza upya kuhesabu. Ilitoka kwa daktari mmoja wa Marekani, Maxwell Maltz, mpasuaji wa kutengeneza sura za watu, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Kuzoea pua mpya na kuzoea jimu ni vitu viwili tofauti kabisa. Waliokuja kupima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, utafiti wa 2009, watu 96, wakakuta kitu kufanyika chenyewe bila kujilazimisha inachukua siku 18 kwa mwingine na kwa mwingine inakadiriwa mpaka 254, katikati pale kama siku 66, na mazoezi yalichelewa kuliko vitu vyepesi kama kunywa maji. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo wiki yako ya tatu ulipoona bado unajisukuma ukadhani we una kasoro, hapana, ulikuwa bado mapema sana.

Sasa hizo kilo 15. Mpaka harusi tuseme una wiki 13. Kawaida tunashauri mtu apungue nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, basi mambo yakienda vizuri ni kilo sita, saba, ukijitahidi sana kumi na kidogo. Kumi na tano haipo hapo, na aliyekwambia ipo anakuuzia kitu. Na kilo haziondoki jimu peke yake. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Kutembea kwa haraka saa nzima mtu wa uzito wako anachoma kama 300 hivi, maana yake kilo moja ni masaa 25 na ushee ya kutembea. Soda moja ya mililita 350 ni kama 140 au zaidi, unaimaliza dakika tano ukisubiri gari. Kwa hiyo anza na soda, na sukari ya chai (vijiko vingapi, sema ukweli), na ile chipsi ya saa tatu usiku uliyokuwa unainunua kwa sababu jimu imekuchelewesha kupika, naijua hiyo. Wali kula, maharage kula, mchicha kula, sahani ipungue mlima tu. Sikuwekei diet ya parachichi na samaki wa kuchemsha kila siku, utaichukia kabla ya Ijumaa.

Na mizani wiki za mwanzo itakuchanganya. Ukianza vyuma misuli inashika maji, unaweza ukapanda kilo moja wakati gauni linaanza kulegea kiunoni. Vilevile wiki nne mpaka sita za kwanza utashangaa unabeba zaidi na mkono haujanenepa, hiyo ni mishipa ya fahamu inajifunza kuiita misuli, nyama yenyewe inakuja baadaye. Watu wengi wanaacha katikati ya kipindi hichohicho kwa sababu walikuwa wanaangalia kioo na mizani, wakati kitu kilichokuwa kinabadilika hakionekani huko.

Lengo lako jipya ni mara 26. Wiki 13, mara mbili kwa wiki. Chukua kalenda ile ya ukutani ya benki au ya kanisani, kila ukienda weka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, hata ulikaa dakika 20 ni vema. Kilo huwezi kuziamrisha, ila kwenda au kutokwenda kuko mkononi mwako. Hata Alphonce Simbu wetu wa marathoni alipata shaba ya dunia London 2017, dhahabu ikaja Tokyo 2025, miaka minane, na aliipata kwa sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani Amanal Petros, wote wamesomewa saa 2:09:48. Baada ya kilomita 42! Mtu hawezi kupanga sekunde 0.03, anapanga kilomita za wiki.

Mbona mara mbili tu, utauliza, mbona wengine wanaenda sita. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za mazoezi ya misuli. Hizo 150 unaweza usizitafute jimu kabisa. Kama kutoka kwako mpaka kituo cha mwendokasi ni dakika 15 za mguu, achana na bodaboda, tembea asubuhi na jioni, tembea kama umechelewa, pumzi iwe unaweza kuongea na simu lakini kuimba huwezi. Dakika 30 kwa siku, siku tano, 150 hizo zimetimia na umeokoa nauli ya boda. Jimu inabaki kazi moja, vyuma, ambavyo njiani huvipati.

Siku ni Jumanne na Alhamisi. Jumatatu usiweke, ofisi zote zinachemka Jumatatu. Ijumaa foleni. Jumamosi na Jumapili kuanzia sasa mpaka mwezi wa 12 una vikao vya harusi, kitchen party, sendoff, na we ni dada wa bi harusi, huwezi kukwepa. Lakini Jumamosi asubuhi kabla ya vikao iweke akiba, ukikosa Jumanne au Alhamisi ndo unailipa hapo, usipokosa unalala. Wahasibu mnajua akiba ni nini. Na andika mahali na saa kabisa, "Jumanne, nikishuka Ubungo saa kumi na mbili, naingia jimu", usiandike "wiki hii nitajitahidi". Waingereza walijaribu hili kwa wanafunzi, ilichapishwa 2002: wengi wao walioandika siku, saa na mahali walifanya mazoezi wiki iliyofuata, asilimia 91, wale ambao hawakuandika ni 38. Kikaratasi tu.

Ukiingia humo ndani usizunguke kila mashine kama umeenda maonesho ya Sabasaba. Pasha dakika tano, alafu vitu vinne: skwati, kusukuma, kuvuta, na kujikaza tumbo kwa kulalia viwiko sekunde 20 mpaka 30. Kila kimoja raundi tatu, pumzika dakika moja na nusu katikati, dakika 40 umemaliza na kuoga juu.

Skwati nikuoneshe maana ndo watu wanaharibu magoti. Weka benchi nyuma yako, miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Shuka kama unakaa kwenye mbuzi ya nazi, unaitafuta kwa makalio taratibu, hujirushi. Ukigusa benchi usipumzike, inuka kwa kusukuma sakafu na unyayo wote, kisigino kikinyanyuka umesogea mbele sana rudi nyuma. Magoti yafuate vidole, yasiangukie ndani kama mtu anayebanwa na haja. Mara kumi. Ile ya tisa na ya kumi ziwe ngumu, uso ukunjane, ila mgongo ubaki palepale. Siku ukiona ungeweza hata kumi na nne, shika dambeli ya kilo tano kifuani kama umebeba mtoto na uanze tena kumi. Hivyohivyo kila baada ya wiki moja mbili unaongeza kidogo. Kusukuma fanya pushapu za kuegemea benchi, sio chini, chini itakuja. Kuvuta shika dambeli mkono mmoja, mwingine umeegemea benchi, vuta kiwiko kipite mbavu, kama unawasha jenereta ila polepole.

Nywele. Makocha wengi wanaume hawaliongelei hili na ndo linawakosesha wadada wengi, mtu kasuka elfu hamsini jana we unamwambia njoo utoe jasho. Panga kusuka Ijumaa au Jumamosi, upate siku kadhaa kabla ya Jumanne, chagua mtindo unaofungika nyuma, beba kitambaa cha pamba cha kichwani, na wiki ile ya kitchen party ukisema leo sitoi jasho nywele zangu mpya mi nakuelewa, fanya vyuma taratibu karibu na feni usiguse mashine ya kukimbilia. Bora hivyo kuliko kutokuja.

Vya kutonunua: mkanda wa kubana tumbo, suti ya nailoni ya kutoa jasho, nailoni ya jikoni ya kujizungushia kiunoni, chai ya kupunguza kitambi. Jasho ni maji, ukinywa glasi mbili limerudi, na kwa joto la Dar kuanzia Novemba kujifunga nailoni ni kujitafutia kuzimia. Tumbo pia haliondoki kwa kupiga sitapu mia, mwili unapunguza mafuta unakotaka wenyewe. Hela hiyo nunua raba nzuri.

Kabla ya yote kapime presha na sukari, zahanati yoyote, dakika kumi. Na ukiwa mazoezini ukasikia kifua kinabana, kizunguzungu au moyo unaruka ruka, acha palepale uende hospitali, usisubiri kumaliza raundi.

Jimu ikikushinda kabisa usione dunia imeisha. Mitaa mingi ya Dar ina klabu za jogging, Jumamosi na Jumapili alfajiri unawasikia na nyimbo zao na fulana za rangi moja, wanakaribisha watu na ada yao ni ndogo, na kuna faida moja jimu haina, usipotokea mtu anakupigia simu. Alfajiri kiza dada usikimbie peke yako, kwenye kundi uko salama. Wakienda ufukweni Coco au daraja la Tanzanite fuatana nao, pale darajani upepo wa bahari unakupoza, urefu wake ni kama kilomita moja, kwenda na kurudi unaijua hesabu yako.

Sasa gauni la harusi. Usimpelekee fundi vipimo leo, na usishone la kilo 71 ukalitundika kabatini likutishe kila asubuhi. Vitambaa vya sare vikitoka chukua chako ukiweke, kapimwe wiki tatu kabla ya sherehe kwa mwili utakaokuwa nao siku hiyo, na mwambie fundi aache mshono wa ndani mpana pande zote mbili, wa kupunguza na wa kuachia. Jumanne jioni niandikie. Usiniambie kilo, niambie tu umeshuka Ubungo au umepitiliza.